WALIPIGWA MECHI NANE KATI YA KUMI, MJI UKAWASHANGILIA

Msomaji wangu, tuanze na hesabu ndogo. Timu ya chuo inacheza mechi 10 msimu mzima. Inashinda 2, inapigwa 8. Katika hizo 8, moja inapigwa 66-6, nyingine 43-0. Niambie, kocha wa timu hiyo anastahili nini?

Huku kwetu jibu linajulikana. Kocha anafungashiwa virago kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha, wachezaji wanazomewa mpaka kwenye basi, na mweka hazina anaulizwa hela za jezi zilikwenda wapi. Kijiweni hakuna msamaha. Aliyefungwa akifungua mdomo anaambiwa akae kimya, hana hadhi ya kuchangia mada.

Sasa kaa vizuri nikupe kali ya leo. Timu hiyo ipo kweli, msimu huo ulichezwa kweli, na mji wake haukuizomea. Ulilia kwa furaha. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado wanawaenzi vijana wale kama mashujaa. Msimu ni wa 1971. Chuo ni Marshall, kilichoko mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani.

Kisa hiki mimi nilikutana nacho kwenye muvi. Jamaa wa kibanda cha muvi alinijazia flashi, ndani yake mkawemo We Are Marshall, iliyotoka mwaka 2006. Nilidhani ni yale mambo ya Kimarekani, wanaume wamevaa makofia ya chuma wanagongana kama madume ya mbuzi. Nilipoimaliza sikulala mapema. Na kwa kuwa Hollywood kwa kutia chumvi hawajambo, nikaanza kuuchimba ukweli wenyewe. Ninachokuandikia hapa ni ule ukweli.

MPIRA GANI HUO?

Kwanza tuelewane, maana wengine mtaniuliza mabao yalifungwa na nani. Huu si mpira wetu wa miguu. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Timu zinakuwa na watu 11 kila upande. Wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9 hivi. Wakifanikiwa wanapewa manne mengine, wakishindwa wanaunyang'anywa. Ukiufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui unavuna pointi 6. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti, pointi 3.

Bosi wa mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira na kuamua: aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Mkononi mwake ndimo mnamolala msimu mzima.

Na usiudharau mpira wa vyuo vya kule. Katika miji mingi ambayo haina timu kubwa ya kulipwa, timu ya chuo ndiyo Simba yao na ndiyo Yanga yao. Siku ya mechi, mwenye duka, daktari, fundi na mchungaji wote wanakuwa jukwaa moja. Huntington ni mji wa namna hiyo, uko kando ya mto Ohio, katika jimbo linalojulikana kwa makaa ya mawe. Timu yao inavaa kijani na nyeupe, na jina lake la utani ni Thundering Herd, yaani kundi la nyati linalokimbia kwa mshindo wa radi.

JUMAMOSI YA TAREHE 14

Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 1970, Marshall walikuwa ugenini Greenville, North Carolina, wakicheza na East Carolina. Wakafungwa kwa tofauti ndogo, 17-14. Mechi ya kawaida, kufungwa kwa kawaida. Wakapanda ndege ya kukodi aina ya DC-9 kurudi nyumbani. Mechi zao nyingi walikuwa wakizifuata kwa barabara.

Usiku ule palikuwa na mvua na ukungu. Ndege ilikuwa inashuka kutua, na taa za uwanja hazikuwa mbali, ilipogonga miti juu ya kilima ikaanguka na kuwaka moto. Ndani walikuwamo watu 75. Hakupona hata mmoja.

Hebu isome tena hiyo namba taratibu. Wachezaji 37. Kocha mkuu Rick Tolley, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu. Wasaidizi wake waliosafiri naye. Wafanyakazi wa ndege. Na mashabiki wa mji ule waliokuwa wameifuata timu, wengine wakiwa mume na mke waliowaacha watoto nyumbani. Watoto 70 walipoteza mzazi siku ile, na kati yao 18 walibaki yatima kabisa, hawana baba wala mama.

Miili ya wachezaji 6 haikuweza kutambulika. Hao walizikwa pamoja kwenye makaburi ya Spring Hill, juu ya kilima kinachoutazama mji.

WAFUNGE AU WACHEZE?

Hapa ndipo mimi naona kisa chenyewe kinapoanzia. Wewe ungekuwa mkuu wa chuo, ungefanyaje?

Wapo waliosema futiboli ifutwe pale Marshall. Na usiwaone wabaya. Utaanzaje kupiga filimbi kwenye uwanja ambao vijana wake wako kaburini hata nyasi hazijaota juu yao? Mama wa marehemu atapita barabarani asikie watu wanashangilia, atajisikiaje? Kwetu sisi mtu akifa hata redio inazimwa. Mambo ya kucheza mpira kwenye matanga ni fedheha.

Lakini wapo waliosema hapana. Mmoja wao ni Nate Ruffin, mchezaji aliyekuwa na jeraha la mkono na ndiyo maana hakusafiri siku ile. Ruffin alibaki hai wakati wenzake wote aliokuwa akila nao meza moja wamekwisha. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "mimi mpira basi", ni yeye. Yeye akasimama upande wa timu kuendelea. Msimu wa 1971 akawa kepteni.

Naomba nichomeke la kwangu hapa. Mtaani kwetu tulikuwa na timu ya mchangani, timu ya maana kabisa, tulikuwa tunacheza ndondo mpaka za mbuzi. Beki wetu wa kati akafariki kwa ajali ya bodaboda. Tulimzika, tukakaa matanga, arobaini ikapita. Hakuna aliyekuja na mpira uwanjani. Kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, na hakuna aliyetaka kuonekana ndiye wa kwanza kusahau. Wakubwa wakasema tupumzike kidogo. Ndiyo tunapumzika mpaka leo. Uwanja wenyewe sasa umejengwa fremu za maduka, na wale washikaji tunaonana kwenye misiba tu. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba ninaposoma habari za Ruffin, najua alichokibeba yule bwana kilikuwa kizito kiasi gani.

KIKOSI CHA WATOTO

Chuo kikaamua kucheza. Sasa nani atafundisha? Kocha mmoja alikubali kazi, akakaa siku chache tu, akarudi alikotoka. Hatimaye, Machi 1971, akapatikana Jack Lengyel kutoka chuo kidogo cha Wooster, jimbo la Ohio. Huyu jamaa hakuitwa kwa lazima. Alijitokeza mwenyewe kuiomba kazi ambayo wengine walikuwa wanaikwepa.

Msaidizi mmoja wa benchi la zamani, Red Dawson, naye alikubali kurudi. Dawson alinusurika kwa sababu siku ile alikuwa akisafiri kwa gari kutafuta wachezaji wapya. Fikiria: baadhi ya wale vijana 37 ni yeye aliyekwenda majumbani kwao, akakaa sebuleni na wazazi wao, akawaahidi kwamba mtoto wenu atakuwa mikononi salama. Halafu arudi tena barabarani, agonge mlango wa mzazi mwingine, aseme maneno yaleyale. Dawson aliahidi msimu mmoja. Ulipokwisha akaachana na ukocha moja kwa moja.

Tatizo lililofuata lilikuwa wachezaji. Enzi zile kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikataza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowaokoa wale wa mwaka wa kwanza wa 1970, kwani hawakuwa kwenye ndege. Lakini wao peke yao hawakutosha. Marshall wakaomba ruhusa maalumu ya kuchezesha wanafunzi wapya, na NCAA wakakubali.

Basi Lengyel akakusanya alichokipata. Wale wachache waliobaki kwa majeraha au sababu nyingine. Wale wa mwaka wa kwanza waliopanda mwaka wa pili. Vijana wapya waliotoka sekondari miezi michache iliyopita. Na watu waliotoka michezo mingine hapohapo chuoni. Ukiangalia kikosi utadhani ni timu ya Fom Foo iliyosukumwa ligi kuu. Wakaongeza neno kwenye jina la utani: Young Thundering Herd, kundi changa la nyati.

Msaada mmoja ulitoka pasipotarajiwa. Chuo Kikuu cha West Virginia, chuo kikubwa cha jimbo hilohilo, kocha wake Bobby Bowden aliwafungulia mlango makocha wa Marshall waje kujifunza mfumo wake wa mashambulizi uitwao veer. Siri za kocha ni kama dawa ya mganga, hazitolewi ovyo, lakini Bowden alizitoa bure. Mfumo ule uliwafaa watoto: haukutaka mibaba yenye nguvu ya kusukumana, ulitaka kwotabeki mwepesi wa kusoma beki mmoja wa adui na kuamua papo hapo mpira uende wapi.

Kwotabeki wao alikuwa Reggie Oliver, mwaka wa pili, mzaliwa wa Tuscaloosa, Alabama. Mji huo peke yake ulipoteza vijana wanne kwenye ndege ile. Rais Richard Nixon aliwaandikia barua ya kuwatia moyo. Lakini barua ya rais haizuii mtu kukukwatua.

SEKUNDE ZA MWISHO

Tarehe 18 Septemba 1971 wakafungua msimu ugenini kwa Morehead State. Wakapigwa 29-6. Kila mtu akasema si tuliwaambia.

Wiki iliyofuata, tarehe 25 Septemba, ikawa mechi ya kwanza nyumbani tangu ajali, pale Fairfield Stadium. Wageni walikuwa Xavier kutoka Cincinnati, na hakuna aliyewapa Marshall nafasi. Lakini watoto wale walikaba, wakaanguka, wakainuka, wakakaba tena. Mpaka dakika ya mwisho inaingia Xavier wanaongoza 13-9. Marshall wana mpira, lakini saa inakwenda.

Umebaki mchezo mmoja. Hakuna wa pili. Oliver anapokea mpira, anakimbilia upande mmoja, na mabeki wa Xavier wote wanamfuata huko. Kumbe ni chambo. Ghafla anageuka na kuutupa upande wa pili, kwa Terry Gardner, kijana wa mwaka wa kwanza, yaani mtu ambaye kama si ile ruhusa maalumu asingekuwa uwanjani. Gardner anaudaka, mbele yake wenzake wamemfungulia njia, anapiga mbio yadi 13 mpaka ndani. Saa imekwisha. Marshall 15, Xavier 13!

Watu walimiminika uwanjani kama maji ya bomba lililopasuka. Watu wazima walikumbatiana wakilia, na wengi hawakutaka kuondoka hata baada ya mechi kwisha. Tangu Novemba mji ule ulikuwa ukikusanyika kwa ajili ya misiba na kumbukumbu. Siku ile walikusanyika wakapiga vigelegele.

Sisi Waswahili tuna neno la siku kama ile. Tunasema kuanua matanga. Kuanua matanga si kumsahau marehemu, wala si kusema kilio kimekwisha. Ni kukunja mikeka, kufagia ua, kuosha masufuria na kumwambia mfiwa kwamba kesho ataamka aende kazini. Lazima awepo mtu wa kuukunja mkeka wa kwanza. Kwa Huntington, mkeka wa kwanza ulikunjwa na Gardner kwa zile yadi 13.

BAADA YA NGOMA

Kama hii ingekuwa muvi tupu, tungeishia hapo. Maisha hayaishii hapo. Wiki iliyofuata Miami ya Ohio, timu iliyoshiba, iliwapa kile kisago cha 66-6. Vikafuata vingine. Tarehe 30 Oktoba, siku ambayo waliosoma zamani hurudi chuoni kwao, wakawashangaza Bowling Green 12-10. Huo ndio ushindi wa pili na wa mwisho. Mwezi Novemba Toledo, timu ambayo miaka mitatu ile ilikuwa haijui kufungwa, iliwatandika 43-0. Hesabu ya mwisho: ushindi 2, vipigo 8.

Na usidhani mwaka uliofuata walichukua kombe. Lengyel alikaa misimu minne, akashinda mechi 9 na kupoteza 33. Marshall walisubiri mpaka 1984 kupata msimu ambao ushindi ulizidi vipigo. Ndipo mambo yakageuka: mwaka 1992 wakawa mabingwa wa taifa wa daraja lao, mwaka 1996 wakarudia bila kupoteza hata mechi moja, wakiwa na Randy Moss ambaye baadaye alitikisa ligi ya kulipwa ya NFL. Mwaka 1999 wakashinda mechi zote 13. Wale Xavier waliofungwa sekunde ya mwisho? Walifuta kabisa futiboli baada ya msimu wa 1973.

Sasa niulize tena: ni msimu gani uliokuwa mkubwa, ule wa 1996 au ule wa vipigo 8? Mimi nasema ule wa vipigo 8, na sababu ni rahisi. Bila vijana wa 1971 kukubali kuaibika kila Jumamosi mbele ya watu, 1996 isingekuwapo. Kuna watu kazi yao katika maisha ni kufungwa ili timu isife. Hakuna anayewapa kombe, lakini bila wao hakuna wa kulibeba.

Na hili si la Wazungu peke yao. Sisi Waafrika tunalijua kwa uchungu. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyowabeba jirani zetu wa timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini ilipopaa tu kutoka Libreville, Gabon, ikaua wote 30 waliokuwamo, kati yao wachezaji 18. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa Ulaya na angejiunga na wenzake kwa njia nyingine. Zambia hawakufunga duka. Waliokota vijana, Kalusha akawa kepteni, na mwaka 1994 wakafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Wakafungwa na Nigeria 2-1. Nani aliwazomea? Mwaka 2012 wakalichukua kombe hilo kwa penalti mbele ya Ivory Coast, na fainali ilichezwa Libreville, mji uleule ambao ndege ile iliuaga kwa mara ya mwisho. Nakuapia, mwandishi wa riwaya angeandika hivyo tungemwambia kazidisha.

MAJI YANAYOZIMWA

Pale chuoni Marshall kuna chemchemi ya ukumbusho, ilizinduliwa Novemba 1972. Kila mwaka tarehe 14 Novemba watu hukusanyika, majina ya marehemu yanasomwa, na maji yanazimwa. Yanabaki yamezimwa majira yote ya baridi, kisha yanafunguliwa tena majira ya kuchipua. Nate Ruffin alifariki mwaka 2001 kwa saratani ya damu. Alizikwa Spring Hill, karibu na wale wenzake sita.

Nikuachie moja, msomaji wangu, hasa wewe unayeongoza timu ya chuo, kikundi cha taarabu, kwaya, au hata genge la washikaji wa kuchezea bao. Ipo siku litawapata jambo. Atakufa mtu, ataondoka mtu, fedha zitapotea, mtapigwa mpaka mwone haya kupita barabarani. Siku hiyo usitafute ushindi. Tafuta watu 11 walio tayari kuvaa jezi na kuingia uwanjani wakijua watafungwa. Ukiwapata hao, timu haijafa.

Kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.